Maswali na Majibu: Klabu ndogo za Uskoti na ardhi zinazochezea

Mwezi uliopita nilitaja hapa, kwa kupita tu, kwamba klabu ya Clyde ya Uskoti ina karibu miaka arobaini tangu itolewe uwanja wake wa zamani, na bado inapanga kwa wengine. Sikutegemea sentensi ile moja iniletee maswali mengi kuliko habari zote za usajili. Wengi wenu timu hizi mmezijulia kwenye mikeka ya Jumamosi, wachache mna ndugu huko, na mmoja amenituhumu kwamba nazibuni. Mimi nilisoma Dundee kwa misimu miwili ya baridi. Tiketi za timu kubwa zilinishinda bei, kwa hiyo Jumamosi zangu nilizimalizia kwa hawa wadogo. Najibu kama shabiki.

Kila Jumamosi saa kumi na mbili jioni mkeka wangu unachanwa na Stenhousemuir. Hawa watu wapo kweli? Na ligi yao ina ngazi ngapi? (Msomaji, Mwanza)

Wapo, pole sana. Stenhousemuir ni mji mdogo jirani na Falkirk, katikati ya Uskoti, na timu yake inacheza Ochilview Park. Ilianzishwa 1884. Ubingwa wake wa kwanza wa ligi, wa daraja lolote lile, iliupata 2024. Hesabu mwenyewe: miaka 140. Kwa hiyo ukiona wanakuchania mkeka, jua kuna wazee wa Stenhousemuir waliozaliwa, wakaoa, wakazikwa, bila kuona kombe la ligi.

Ngazi ziko nne zenye klabu 42: Premiership yenye timu 12, halafu Championship, League One na League Two zenye timu 10 kila moja. Muundo huu na majina haya ni ya 2013. Ukiwa kwenye daraja la timu 10 unakutana na kila mpinzani mara nne kwa msimu, mechi 36 jumla, na ndiyo maana matokeo yao ni magumu kuyabashiri: wanajuana kama watu wa nyumba moja. Ongeza kwamba wachezaji wengi wa madaraja ya chini wana kazi nyingine. Beki wa kati Ijumaa alikuwa juu ya paa la mtu akifunga umeme.

Chini ya League Two kuna Highland League na Lowland League. Zamani anayeshika mkia hakuwa na wasiwasi, alibaki tu. Tangu msimu wa 2014/15 wa mwisho anacheza mchujo na bingwa wa huko chini. East Stirlingshire waliangukia 2016 wakiwa wa kwanza, kisha Berwick Rangers 2019, Brechin City 2021, Cowdenbeath 2022, Albion Rovers 2023, Bonnyrigg Rose 2025. Hadi msimu wa 2025 unakwisha, hakuna hata mmoja aliyekuwa amerudi. Mlango ule unafunguka kwa kwenda nje tu.

Na majina yasikubabaishe. Queen of the South ni jina la utani la mji wa Dumfries. Raith Rovers ni wa Kirkcaldy, ukimwambia dereva wa basi akushushe Raith atakushangaa. Berwick Rangers wako Uingereza kabisa, ng'ambo ya mpaka, lakini mpira wanacheza Uskoti.

Nimeambiwa kuna uwanja ambao mawimbi yanaruka ukuta na kuingia ndani. Sisi watu wa pwani tunataka uthibitisho. (Msomaji, Tanga)

Huo ni Gayfield Park wa Arbroath, na mimi ni shahidi. Kutoka Dundee ni kama dakika ishirini kwa treni. Klabu ipo hapo tangu 1880. Nyuma ya ngazi za kusimamia kuna ukuta, na nyuma ya ukuta kuna Bahari ya Kaskazini, basi. Dhoruba ikichachamaa maji yanapanda yanakumwagikia na pai yako mkononi.

Mtu wa Tanga anaujua upepo wa kusi na heshima yake. Ule wa Gayfield hauna heshima. Mara yangu ya kwanza nilivaa koti nililonunua mtumbani Dar, nikijiona nimejiandaa, na dakika ya kumi nilikuwa nimejibanza nyuma ya mzee mmoja mnene nikimtumia kama ukuta wa kukinga upepo. Kipa akapiga goli kiki, mpira ukapanda, ukasita angani kama umesahau kitu, ukaanza kurudi alikotoka. Wenyeji hawakushangaa hata kidogo. Yule mzee aligeuka akaninunulia kikombe cha Bovril, supu nyeusi ya nyama inayonyweka kama chai, chumvi tupu. Nikaomba cha pili.

Arbroath wanaitwa watu wa taa nyekundu, kwa sababu ya taa iliyokuwa ikiwaongoza wavuvi kuingia bandarini. Mji wenyewe unajulikana kwa samaki wa kukaushwa kwa moshi wa kuni, na nathubutu kusema anayependa samaki wa moshi wa kwetu hatalalamika.

Halafu kuna ile hesabu. Tarehe 12 Septemba 1885, kwenye Kombe la Uskoti, Arbroath iliifunga Bon Accord ya Aberdeen mabao 36 kwa 0. Kijana mmoja, John Petrie, alifunga 13 peke yake. Kumbuka enzi hizo magoli hayakuwa na nyavu, kila bao mtu anaukimbilia mpira. Siku hiyohiyo Dundee Harp iliichapa Aberdeen Rovers 35 kwa 0, ikalala ikidhani imeweka rekodi ya dunia.

Lakini mimi nawakumbuka zaidi kwa msimu wa 2021/22. Timu ya watu wenye kazi zao za mchana, chini ya kocha mzee Dick Campbell, iliongoza Championship sehemu kubwa ya msimu ikipambana na Kilmarnock wanaolipwa mshahara wa mpira. Ubingwa uliamuliwa Aprili uwanjani kwa Kilmarnock, 2 kwa 1. Arbroath wakashika nafasi ya pili, wakaingia mchujo, wakatolewa na Inverness kwa penalti. Miaka miwili baadaye wakashuka, na 2025 wakarudi Championship. Mimi sijapona.

Kwa nini huko wanauza viwanja? Sisi tunalia hatuna, wao wanavyo halafu wanaviuza! (Msomaji, Nakuru)

Hapa ndipo penye habari yenyewe, kwa hiyo vumilia.

Uwanja wa zamani wa Uskoti uko katikati ya mji. Ulijengwa zaidi ya miaka mia iliyopita, kwa ajili ya watu waliotoka kiwandani au mgodini Jumamosi mchana na kwenda mpirani kwa miguu. Viwanda vikafa, ardhi ya katikati ya mji ikapanda bei, jukwaa la mbao likaoza. Kisha zikaja sheria, na zilikuja kwa damu. Januari 2, 1971, watu 66 walikufa kwenye ngazi za Ibrox, Glasgow, na sheria ya usalama wa viwanja ikapitishwa 1975. Mwaka 1989 yakatokea maafa ya msongamano kwenye uwanja wa Hillsborough kule Sheffield, na ripoti ya Jaji Taylor ikasukuma viwanja vikubwa viwe vya viti vitupu. Klabu ndogo zikajikuta na majengo ambayo kuyakarabati kunazidi thamani ya timu nzima. Mwenye supamaketi akabisha hodi.

Tazama orodha. Muirton Park ya St Johnstone, mjini Perth, ikawa Asda. Douglas Park ya Hamilton ikawa Sainsbury's. Broomfield ya Airdrie ikawa Safeway. Brockville ya Falkirk ikawa Morrisons. Nina rafiki wa Falkirk anayeapa kwamba bibi yake hununua maziwa pale palipokuwa na nukta ya penalti.

Biashara hii si lazima iwe mbaya. St Johnstone walitoka Muirton 1989 wakaingia McDiarmid Park, uwanja mpya kwenye ardhi waliyopewa na mkulima aliyeupa jina lake, na mpaka leo wapo. Hao waliuza nyumba baada ya kujua watalala wapi.

Airdrie waliuza kwanza. Walitoka Broomfield 1994 wakakaa miaka minne kama wapangaji huko Cumbernauld wakisubiri uwanja mpya. Kwa nini ulikuwa mkubwa kuliko mahitaji yao? Kwa sababu ilipoanzishwa Ligi Kuu mpya 1998, iliyoitangulia Premiership ya leo, kulikuwa na sharti: anayetaka kucheza humo awe na viti 10,000. Airdrieonians wakajenga uwanja wa viti zaidi ya 10,000, wakaufungua 1998, na Ligi Kuu hawakuiona. Mwaka 2002 wakafilisika. Mwaka uleule mashabiki wao walihitaji klabu mpya yenye nafasi kwenye ligi, na Clydebank ilikuwa inakufa pembeni, nayo ilikuwa imeuza uwanja wake wa Kilbowie 1996 ikawa inahama hama. Clydebank ikanunuliwa, ikageuzwa jina, ikahamishiwa Airdrie. Klabu isiyo na uwanja ikaliwa na uwanja usio na klabu. Mashabiki wa Clydebank wakaanza upya chini kabisa, na wanaendelea.

Sharti lile la viti 10,000 lilifanya kituko kingine 2003. Falkirk walikuwa mabingwa wa daraja la kwanza, ambalo wakati ule lilikuwa chini ya Ligi Kuu, halali yao kupanda. Wakaambiwa Brockville haifai. Motherwell walioshika mkia Ligi Kuu wakabaki. Mwaka uliofuata Inverness wakapanda kwa kukubali kuchezea mechi za nyumbani Aberdeen, safari ya zaidi ya kilomita 150, mpaka sharti likashushwa hadi viti 6,000. Uliza ni klabu ngapi zilikopa kwa ajili ya viti ambavyo baadaye vikaonekana si lazima.

Sasa Clyde. Shawfield walipokuwa wakicheza ilikuwa mali ya wenye mbio za mbwa. Mwaka 1986 wakatolewa. Wakaenda kwa Partick Thistle, wakaenda kwa Hamilton, wakapata Broadwood ya Cumbernauld 1994, wakaondoka 2022, wakarudi kupanga kwa Hamilton, safari hii New Douglas Park. Halafu 2025 Hamilton wenyewe wakaondoka New Douglas Park, wakaenda kucheza wapi? Broadwood. Clyde wakabaki nyumbani kwa Hamilton, Hamilton wakawa nyumbani kwa zamani kwa Clyde. Ukimweleza mtu asiyefuatilia atakuuliza umekunywa nini.

Na Dumbarton. Hawa waligawana na Rangers ubingwa wa kwanza kabisa wa ligi ya Uskoti, 1891, na mwaka uliofuata wakauchukua peke yao. Walikaa Boghead Park kuanzia 1879 hadi 2000, pakajengwa nyumba, wao wakahamia chini ya jabali kubwa lenye ngome, mahali pazuri kwa picha kuliko uwanja wowote niujuao, penye jukwaa moja tu la watu kama elfu mbili. Novemba 2024 wakawekwa chini ya wasimamizi wa madeni, wakakatwa pointi 15, wakashuka daraja. Sababu iliyotajwa na wakurugenzi ni malipo ya kipande cha ardhi kilichouzwa ambayo hayakufika. Ardhi tena!

Ndiyo maana huwa sikubali hoja kwamba uwanja ni jengo tu. Kwa klabu kubwa labda. Klabu inayoingiza watu mia tano haina mali nyingine. Wachezaji wake ni wa mkataba wa mwaka, jezi ni za mdhamini, kombe ni la 1957. Kipande kile cha ardhi ndicho akiba, ndicho dhamana ya mkopo, ndicho ukumbi wa harusi Jumapili. Ukishakiuza unabaki na jina na deni la kodi ya pango.

Eti kuna timu ilikatwa pointi kwa sababu uwanja umeinama? (Msomaji, Iringa)

Ndiyo. Bonnyrigg Rose, kusini kidogo mwa Edinburgh. Uwanja wao, New Dundas Park, una mteremko unaouona kwa macho. Timu ilipopanda League Two 2022 ilijulikana kwamba mteremko unapita kiwango, wakapewa muda wa kurekebisha, haukurekebishwa, na Novemba 2024 wakakatwa pointi 6. Msimu ule ukaisha kwa kung'olewa na East Kilbride kwenye mchujo.

Kusema kweli nimegawanyika. Wewe wa Iringa unajua kucheza mpira kwenye mlima, na kila timu inapata kipindi kimoja cha kushuka. Lakini masharti waliyasoma kabla ya kuingia. Kusawazisha uwanja mzima, kwa klabu ya mji mdogo, si kazi ya kuchangishana Jumapili moja, na aliyeandika masharti alilijua hilo pia. Kwa faida ya wapenzi wa sinema: Sean Connery aliwahi kuichezea Bonnyrigg ujanani.

Kali zaidi kwangu ni ya Buckie Thistle. Mwaka 2024 walitwaa ubingwa wa Highland League, wakazuiwa hata kucheza mchujo, kwa sababu hawakuwa na leseni ya kiwango cha shaba cha chama cha soka, na kilichowaangusha ni mambo ya uwanja wao. East Kilbride wakasonga bila kuwagusa.

Je, ni kweli uwanja mmoja una ua wa majani badala ya jukwaa? (Msomaji, Moshi)

Kweli. Glebe Park, Brechin. Ua mrefu uliokatwa vizuri upande mmoja wa uwanja, kama wa nyumba ya mkoloni. Mpira ukiingia humo anaingia mtu. Timu yenyewe msimu wa 2017/18 ilimaliza Championship bila kushinda mechi hata moja, sare nne tu, lakini ua ulikuwa umekatwa kila wiki.

Nyasi bandia zinasaidia au zinaua mpira wao? (Msomaji, Kigali)

Zinasaidia klabu, zinaumiza magoti. Uwanja wa nyasi za kweli kwenye baridi ile unabeba mechi moja kwa wiki, tena ukibahatika, maana Januari mechi zinaahirishwa kwa barafu mpaka ratiba inakuwa kama deni. Wa bandia unabeba timu ya wakubwa, wanawake, watoto wa shule, na kukodishwa usiku. Alloa, Montrose, Forfar na Airdrie ni baadhi ya walioamua hivyo. Premiership wamepiga kura kuziondoa kuanzia msimu wa 2026/27. Sharti hilo likiwa la juu peke yake, anayepanda analazimika kung'oa kitu kinachomlisha.

Nilikuwa mdogo, nakumbuka timu inaitwa Gretna ilifika fainali halafu ikapotea. Iliendaje? (Msomaji, Mombasa)

Gretna ni kijiji cha mpakani, maarufu kwa wapenzi waliokuwa wakitoroka Uingereza kwenda kufunga ndoa upande wa pili. Klabu yake ilikuwa inacheza ligi za Uingereza. Airdrieonians walipokufa 2002 ikabaki nafasi, Gretna wakaiomba, wakapewa.

Akatokea tajiri, Brooks Mileson, mtu ambaye kwa sifa zote alipenda mpira na alitoa fedha kwa klabu nyingi ndogo. Kwa Gretna alizimwaga. Wakapanda madaraja matatu kwa miaka mitatu mfululizo: 2005, 2006, 2007. Mei 2006, wakiwa bado madaraja ya chini, walifika fainali ya Kombe la Uskoti Hampden, wakatoka sare 1 kwa 1 na Hearts, wakashindwa kwa penalti tu. Wakacheza Ulaya. Kijiji cha watu wasiofika 3,000!

Wakafika Ligi Kuu, na Raydale Park yao ikakataliwa. Karibu msimu mzima wakachezea mechi za nyumbani Motherwell, zaidi ya kilomita mia kutoka kwao. Fikiria: kijiji kimepata timu ya Ligi Kuu na timu haipo kijijini. Mechi moja dhidi ya Inverness ilihudhuriwa na watu 431. Mileson akaugua, fedha zikasimama, Machi 2008 wasimamizi wa madeni wakaingia, wakakatwa pointi 10, na majira ya joto klabu ikawa imekwisha. Yeye akafariki Novemba mwaka uleule. Nafasi yao wakapewa Annan Athletic, majirani wa barabara hiyohiyo, ambao hawajafika fainali ya Kombe la Uskoti na wapo mpaka leo. Mashabiki wakaunda Gretna mpya, wakarudi Raydale.

Watu husema Gretna waliuawa na tamaa. Mimi nasema waliuawa na mfuko mmoja. Kila kitu kilikuwa kwenye mfuko wa mtu mmoja, na yule mtu alikuwa na mwili kama wetu.

Basi hizi zilizobaki zinaishije? (Msomaji, Muscat)

Kwa kombe, kwa mashabiki na kwa kujitolea. Kupangwa na Celtic au Rangers kwenye Kombe la Uskoti ni mavuno ya mwaka, na mara moja moja mavuno yanaleta na sherehe. Berwick waliifunga Rangers 1 kwa 0 Januari 1967. Darvel, timu ya daraja la sita, sisi tungesema ya ndondo, iliifunga Aberdeen 1 kwa 0 Januari 2023, na siku chache baadaye kocha wa Aberdeen akawa hana kazi. Februari 2025 Queen's Park ya Championship ikaitoa Rangers Ibrox kwenyewe.

Upande wa umiliki, mashabiki wa Stirling Albion waliinunua klabu yao 2010, na wa Morton wakaichukua yao 2021. Nawapenda kwa hilo, ila umiliki wa mashabiki haulipi bili ya umeme. Unachofanya ni kwamba siku ya kuuza ardhi kuna watu wengi wa kuwauliza, na wengi wao babu zao majivu yao yalimwagwa pale golini.

Inverness waliochukua Kombe la Uskoti 2015 walishuka mpaka League One 2024, na Oktoba mwaka huo wakaingia kwa wasimamizi wa madeni na kukatwa pointi 15. Kabla ya hapo uongozi ulikuwa umefikiria kuhamishia mazoezi Kelty, Fife, zaidi ya kilomita mia mbili kusini. Mashabiki wakachemka, mpango ukafa. Timu ilibaki daraja lake ikiwa na upungufu wote ule wa pointi, jambo ambalo kwangu ni zaidi ya kombe.

Dada yangu anaishi Glasgow, nakwenda kumtembelea siku chache. Mbali na Ibrox na Celtic Park, nione nini? (Msomaji, Kisumu)

Panda treni mpaka Mount Florida, ushuke Hampden. Wewe wa Kisumu utapajua: ndipo David Rudisha alipopitwa na Nijel Amos mita 800 kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola 2014. Ili mbio zile zifanyike, Hampden ilibadilishwa, na mwenye nyumba, Queen's Park, akapelekwa Airdrie msimu mzima. Hampden ilikuwa yao. Klabu kongwe kuliko zote Uskoti, ya 1867, waliokataa kulipana mshahara mpaka 2019. Mwaka uliofuata wakauza uwanja kwa chama cha soka kwa pauni milioni 5, wakabaki na Lesser Hampden, kauwanja kalikojibana ubavuni mwa ule mkubwa. Simama katikati ya viwanja hivyo viwili uvitazame.

Hampden hiyo ni ya tatu. Ya kwanza ilikuwa Crosshill, karibu tu, na hapo Machi 1882 Uskoti iliifunga Uingereza 5 kwa 1 ikiwa na beki wa Queen's Park aitwaye Andrew Watson, mtu mweusi mzaliwa wa Demerara (Guyana ya leo), aliyekuwa nahodha wa Uskoti mwaka mmoja kabla walipoichapa Uingereza 6 kwa 1 mjini London. Simulizi hiyo nimeikuta Waskoti wengi hawaijui.

Ya pili ndiyo ninayokutuma. Ilirithiwa na Third Lanark, ikaitwa Cathkin Park. Third Lanark ilianzishwa na wanajeshi wa kujitolea 1872, ikawa bingwa wa ligi 1904, ikachukua Kombe la Uskoti mara mbili. Msimu wa 1960/61 ilifunga mabao 100. Miaka sita baadaye ilikuwa imefilisika. Mechi yake ya mwisho ilikuwa Aprili 28, 1967, ugenini Boghead kwa Dumbarton, ikafungwa 5 kwa 1. Mwezi haujaisha, Celtic ya mji uleule ikatwaa Kombe la Ulaya Lisbon.

Cathkin haikujengwa supamaketi wala nyumba. Ni bustani ya umma. Ngazi za kusimamia bado zipo pande tatu, vyuma vya kuegemea vipo, na miti imeota katikati ya ngazi, mingine mirefu kuliko jukwaa lolote lililowahi kuwapo. Jumapili utakuta watoto wanacheza kwenye nyasi, na mzee mmoja au wawili na mbwa wao wamesimama juu, mahali pao. Hakuna kiingilio, hakuna geti. Kutoka Hampden ni mwendo wa kama robo saa kwa miguu, na kituo cha Crosshill kiko karibu wakati wa kurudi. Vaa viatu usivyovihurumia, ngazi zile zina utelezi.